Majagi Mawili

Nyumbani kwetu Sakina, Arusha, maziwa yana wenyewe watatu, na kila mmoja ana maagizo yake ya hospitali. Bibi, mama mzaa mume wangu, ana kisukari aina ya pili. Mume wangu alipimwa damu kazini akaambiwa lehemu iko juu. Kitinda mimba wetu hajafikisha miaka miwili, na muuguzi wa kliniki ya watoto alishasisitiza kwamba mtoto wa umri huo anywe maziwa yenye mafuta yake yote. Kila asubuhi yeyo, mama wa Kimasai anayetuletea maziwa kutoka upande wa Kisongo, anatumiminia lita tatu, na zote zinaingia sufuria moja.

Kwa miaka mingi sufuria hiyo haikuwa na neno. Maziwa yalichemshwa, chai ikapikwa, yaliyobaki yakagandishwa. Neno lilianza pale Bibi aliporudi kliniki na kipimo cha sukari ya miezi mitatu kilichosoma asilimia 8.9, ilhali mtu huhesabiwa kuwa na kisukari kuanzia 6.5. Mtaalamu wa lishe alimwambia aache sukari ya kutia, soda, juisi za boksi na vitafunwa vya unga mweupe. Bibi ni mtu wa kutekeleza. Aliposhuka kwenye bajaji alikwenda moja kwa moja jikoni, akachukua kopo la sukari, akampelekea jirani. "Kitu nilichokatazwa hakitakaa kwenye rafu ninayoifikia," alisema. Basi nyumba nzima ikaingia kwenye mlo usio na sukari, wakubwa kwa wadogo, bila kikao.

Watoto walilalamika, kisha wakazoea. Chai ikaongezwa tangawizi, mdalasini na hiliki zilizopondwa, na ulimi ukitulizwa hivyo kwa muda husahau. Maziwa ndiyo yaliyotusumbua. Bibi aliliuliza mwenyewe swali, kikombe kikiwa mkononi: "Mwanangu, walisema maziwa nayo yana sukari ndani yake. Sasa ninywe yapi, haya ya yeyo yenye malai au yale ya dukani yasiyo na mafuta?"

Ni swali zuri kuliko wengi wanavyodhani, na linastahili hesabu kabla ya maoni. Sukari ya asili iliyomo kwenye maziwa huitwa laktosi. Kikombe cha mililita 250 cha maziwa ya ng'ombe ambayo hayajaondolewa kitu kina laktosi gramu 12 hivi, protini gramu 8 hivi na mafuta gramu 8 hivi. Yaondolee mafuta yote: laktosi inabaki pale pale kwenye gramu 12, protini nayo haisogei. Kilichotoka ni mafuta pamoja na nishati yake, kutoka kalori 150 hivi hadi 85 hivi. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari anayehamia maziwa yasiyo na mafuta kwa nia ya kukimbia sukari hajaikimbia. Tena Shirika la Afya Duniani, lilipotoa mwongozo wake wa sukari mwaka 2015, halikuihesabu kabisa laktosi ya maziwa kwenye sukari inayotakiwa kupunguzwa. Lilikusudia sukari ya kuongezwa, asali, siripu na sukari ya juisi: isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kalori 2000 hiyo ni gramu 50, au 25 kwa kile kiwango cha chini. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu nne hivi.

Hesabu hizo zilikuja kukaa mezani kwetu baadaye. Kabla yake alikuja wifi.

Wifi yangu anaishi Dar es Salaam na anampenda mama yake kwa vitendo. Alishuka kwenye basi la jioni akiwa na kontena la barafu lililojaa yogati za vikopo, ladha ya stroberi, kila kifuniko kikiwa kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ndani hakuna mafuta. Alikuwa amesikia kwamba mama amepewa mlo mpya, akapita dukani, akachagua kilichoonekana kuwa cha mgonjwa. Kilikuwa na rangi ya kupendeza na picha ya mwanamke mwembamba anayekimbia. "Mama, hizi hazina mafuta hata kidogo. Kula kwa raha zako."

Bibi alikuwa hajaonja kitu kitamu tangu kopo la sukari lihamie kwa jirani. Baada ya chakula cha jioni, ndizi za kupika na maharage, alikula kikopo kimoja, akakisifia, akala cha pili. Saa mbili baadaye tukampima kidoleni, maana ndiyo kawaida yetu, na mashine ikasoma 14.2. Kliniki walitaka isipite 10.

Hapo nyumba iligeuka mahakama. Mume wangu alishuku ndizi. Wifi alishuku maharage, kwamba labda yalitiwa nazi yenye sukari. Mtu mmoja, sitamtaja, akamgeukia dada wa kazi na kumuuliza kama hakumtilia Bibi sukari kwenye chai kwa kumhurumia. Binti wa watu akasimama pale na sahani mikononi, macho yakimjaa machozi. Bibi ndiye aliyemwokoa. "Mwacheni mtoto. Sukari yenyewe hamna humu ndani, angeitoa wapi?" Swali hilo lilitugeuza sote tuangalie meza, na mezani kilichokuwa kipya ni vikopo viwili vitupu.

Binti yetu wa kidato cha pili alichukua kimoja akakipindua. Maandishi ya nyuma yalikuwa madogo na ya Kiingereza, tofauti kabisa na yale ya mbele. Akayasoma polepole: sukari, gramu 14 kwa kila gramu 100. Kikopo kilikuwa na gramu 150. Akaandika kwenye daftari lake la hesabu: gramu 21 kwa kikopo, 42 kwa viwili. Akagawanya kwa nne. "Bibi, umekula vijiko kumi na nusu." Kwenye jumla hiyo laktosi ya maziwa yenyewe haiwezi kuwa zaidi ya theluthi moja hivi, kwa sababu mtindi usiotiwa kitu huwa na gramu nne au tano kwa kila 100. Zilizobaki zilitiwa kiwandani. Ndizi za kupika nazo zilikuwa na mchango wao, hilo nalikubali, lakini ndizi Bibi alikuwa akizila kwa kipimo kile kile na hazikuwa zimewahi kumfikisha 14.

Wifi alilia. Alitaka kuvimwaga vikopo vyote usiku ule ule. Nilimwambia jambo ninaloliamini mpaka leo: kosa halikuwa la binti aliyemletea mama yake zawadi. Kifuniko kilisema kweli. Mafuta hayakuwamo. Kilichokosewa ni kuandika ukweli huo mmoja kwa herufi kubwa na kuuacha wa pili nyuma kwa herufi zinazohitaji macho ya mtoto wa sekondari.

Na kuna sababu kwa nini hivi viwili hutembea pamoja, kutoa mafuta na kutia sukari. Mafuta ndiyo yanayobeba harufu na utamu wa maziwa, ndiyo yanayoyafanya yawe mazito na laini mdomoni. Ukiyatoa, mtindi unabaki mwepesi na mchachu. Mwenye kiwanda anataka mtu arudi kununua tena, basi anaongeza wanga au jelatini ili uwe mzito, na sukari ili uwe mtamu. Historia yake ni ndefu, lakini kiini chake ni hiki. Mwaka 1958 mtaalamu wa Marekani Ancel Keys alianza utafiti wake mkubwa wa nchi saba, uliohusisha mafuta ya wanyama na magonjwa ya moyo. Mwaka 1972 Mwingereza John Yudkin akachapisha kitabu kizima cha kuonya kwamba sukari ndiyo ya kuogopwa, na wengi wakambeza. Mwaka 1977 kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na George McGovern ikawaambia Wamarekani wapunguze mafuta, na papo hapo wapunguze sukari. Viwanda vilisikia nusu ya kwanza ya sentensi. Tangu hapo rafu za maduka zimejaa vyakula vilivyoondolewa mafuta na kutiwa utamu, na rafu hizo sasa ziko Arusha na Dar es Salaam kama zilivyo Chicago.

Asubuhi iliyofuata mume wangu alifanya uamuzi kama baba wa nyumba. Yogati za kikopo hazitaingia tena. Lakini kwa vile yeye naye alikuwa na lehemu yake, alitaka mambo mawili yatatuliwe kwa pigo moja: nyumba nzima, isipokuwa mtoto, ihamie maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Alikuja na mfuko mkubwa. Nilisoma nyuma ya mfuko kabla sijaufungua, na kwa haki yake niseme ulikuwa safi: maziwa tu, pamoja na vitamini A na D zilizorudishwa, kwa sababu vitamini hizo hukaa kwenye mafuta na huondoka nayo.

Chai ya kwanza ilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Bibi aliinywa kwa heshima ya mwanawe. Siku za mbele aliinywa nusu kikombe, kisha robo, kisha akasema anashiba mapema siku hizi. Hakuwa anashiba. Ilipofika saa nne njaa ilimshika, maana kifungua kinywa chake kilikuwa kiazi kimoja na ile chai, na kwa jirani yetu, yule yule mwenye kopo letu la sukari, saa nne ndiyo saa ya maandazi ya moto. Tuligundua kwa kipimo cha kidole, si kwa kumchunguza. Sukari ya kabla ya chakula cha mchana ilianza kupanda bila sababu, na Bibi hana desturi ya kusema uongo anapoulizwa. "Mwanangu, ile chai haikai tumboni. Nikiamka kwenye kiti imeshaondoka."

Alichokisema kinajulikana. Mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni, na chakula kinachotoka polepole huachia sukari yake polepole na humwacha mtu akiwa ameshiba kwa muda mrefu zaidi. Kuondoa gramu nane za mafuta kwenye kikombe na kuzirudisha kama maandazi mawili ya unga mweupe na sukari, yaliyokaangwa kwenye mafuta, hakumpunguzii mgonjwa chochote. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, watu wengi wanaofuata mlo wa bila sukari wanapoangukia. Wanahesabu walichokitoa, hawahesabu kilichokuja kukaa mahali pake.

Bibi ndiye aliyeleta njia ya tatu, na hakuisoma popote. Alikulia Marangu, kwenye nyumba ya ng'ombe wa zizini wanaokatiwa majani, na mama yake alikuwa akiengua malai. "Kwa nini mnanunua unga? Maziwa yasiyo na mafuta yako humu humu kwenye sufuria. Chemsheni, pozeni, mwengue."

Jioni ile alitufundisha. Chemsha maziwa kwa moto wa wastani, usimame hapo hapo, maana utandu ukishafunika uso wa maziwa mvuke hukosa pa kutokea, hujikusanya chini na kuyainua yote kwa mara moja. Yakishachemka, yapoe, yafunikwe, yaingie kwenye friji usiku kucha. Mafuta ni mepesi kuliko maji, hivyo matone yake hupanda na kujikusanya juu. Asubuhi unakuta tabaka la rangi ya manjano hafifu, nene kiasi cha kuinuliwa na kijiko. Malai hayo yakikusanywa kwa siku kadhaa na kusukwasukwa kwenye chupa, siagi hutengana na maji yake. Siagi ikipashwa moto mpaka maji yote yaishe, unapata samli.

Mume wangu alijaribu njia hiyo hiyo kwa maziwa ya pakiti, akangoja malai usiku mzima, na asubuhi hapakuwa na kitu. Maziwa ya kiwandani mengi husukumwa kwa nguvu kwenye tundu ndogo ili matone ya mafuta yapasuke yawe madogo mno yasiweze kupanda. Kwa kuengua nyumbani unahitaji maziwa ya yeyo. Hata hivyo mkono hautoi yote. Msweden Gustaf de Laval alibuni mwaka 1878 mashine ya kuzungusha maziwa ili krimu itengane, na mashine za namna hiyo ndizo zinazoweza kuyafikisha karibu na sifuri. Kijiko hutoa sehemu kubwa, na nyingine hubaki. Kwa Bibi na mwanawe hilo lilikuwa sawa kabisa: chai ilirudi kuwa na rangi ya chai.

Ndipo majagi mawili yalipoingia. Jagi la kifuniko cha kijani lilikuwa la maziwa yaliyoenguliwa, la wakubwa. Jagi la kifuniko cha bluu lilikuwa la maziwa kamili, la mtoto. Malai yalikaa kwenye chupa ya kahawa ya zamani, rafu ya juu. Tulikubaliana, tukamwonyesha dada, tukawaonyesha watoto, na kwa muda nyumba ilikuwa na utaratibu ambao hata Bibi aliusifia.

Kisha shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akaja kukaa nasi wakati anatafuta chumba. Ni kijana msaidizi. Alikuwa akiamka mapema kuosha vyombo kabla dada hajaamka, na majagi alikuwa akiyaosha vizuri, akiyaanika, akiyafunika. Hakuna aliyemweleza habari ya rangi, na yeye aliona vifuniko viwili vinavyoingia kwenye majagi mawili yanayofanana. Kwa hiyo kuna siku kijani kilikuwa juu ya maziwa kamili na bluu juu ya yaliyoenguliwa, na kuna siku ilikuwa kinyume chake, na hakuna aliyeweza kusema zipi ni zipi.

Tulilijua hilo kliniki. Muuguzi alichora nukta kwenye kadi ya mtoto, akaiunganisha na ya mwezi uliopita, na mstari uliokuwa ukipanda ulikuwa umelala. Aliuliza anakula nini, anakunywa nini, maziwa gani. Nikamweleza habari ya jagi la bluu. Akatikisa kichwa, akasema kitu ambacho kila mwenye mtoto mdogo na mgonjwa wa kisukari chini ya paa moja anapaswa kukijua: tumbo la mtoto ni dogo, nishati anayohitaji ni kubwa, na mafuta ya maziwa ni sehemu ya inayomkuza, ubongo wake ukiwamo. Maziwa yaliyopunguzwa mafuta hapewi mtoto wa chini ya miaka miwili. Mwezi ule mtoto alikuwa pia ameota magego na kupata homa ya siku kadhaa, na muuguzi mwenyewe alisema hawezi kuyatwisha maziwa lawama yote. Lakini mimi nilirudi nyumbani nikayachunguza majagi moja baada ya jingine, na jagi la bluu halikuwa na hata doa la mafuta juu yake.

Shemeji aliumia kuliko wote. Na baba wa mtoto ambaye alikuwa akinywa maziwa kamili huku akiamini ameacha mafuta, alikaa kimya akitafakari kipimo chake cha damu kilichokuwa kinakaribia.

Jumapili ile tulikaa kikao, Bibi akiwa mwenyekiti. Shemeji, kwa kutaka kumtetea kaka yake au kujitetea mwenyewe, alileta hoja ambayo Arusha utaisikia kila unapotajwa moyo: mbona Wamasai wanakunywa maziwa na mafuta yake tangu utoto, na hawaanguki kwa moyo? Yeyo mwenyewe alikuwa hapo mlangoni akingoja hela yake ya juma, akacheka.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake na ndiyo sababu haifai kupuuzwa. Mwaka 1964 mtafiti wa Marekani George Mann na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima wanaume 400 wa Kimasai huku huku Tanganyika, na wakawakuta na lehemu ndogo mwilini pamoja na ulaji wao wa maziwa na nyama. Lakini kazi haikuishia hapo. Mwaka 1972 timu ya Mann ilichapisha uchunguzi wa mioyo ya Wamasai waliokwishafariki, na ikakuta kuta za mishipa zimeota mafuta kama za watu wa nchi tajiri. Ila mishipa yenyewe ilikuwa imetanuka, na damu ilikuwa na njia. Watu wale walikuwa wakitembea mchana kutwa nyuma ya mifugo. "Na sukari hawakuwa nayo," yeyo aliongezea, "wala chipsi." Nilimwambia shemeji kwamba akitaka kunywa maziwa ya Kimasai na aende pia mwendo wa Kimasai, na akakubali kwamba kutoka Sakina hadi kituo cha daladala si mwendo huo.

Kuna utafiti wa karibuni zaidi ambao nauona una uzito. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilitoa matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 136,000 kutoka nchi 21, Tanzania ikiwa mojawapo. Waliokula vyakula vya maziwa zaidi ya vipimo viwili kwa siku walikuwa na vifo na magonjwa ya moyo machache kuliko wasiovila, na maziwa yenye mafuta kamili hayakuonekana kuwadhuru. Utafiti wa kufuatilia hauthibitishi kwamba maziwa ndiyo yaliyowalinda. Anayepata maziwa kila siku huenda anapata na mengine mazuri. Hata hivyo unatosha kumwondolea Bibi hofu ya kikombe chake.

Kwa mume wangu hesabu ilikuwa tofauti, na hapa sikubaliani na wale wanaosema mafuta ya maziwa sasa yamesafishwa kwa kila mtu. Sehemu kubwa ya mafuta ya maziwa ni yale ya aina inayopandisha lehemu mbaya. Kikombe cha maziwa kamili kina gramu tano hivi za aina hiyo. Kijiko kikubwa kimoja cha samli kina kama nane. Na samli ndiyo iliyokuwa ikiongezeka jikoni kwetu tangu tulipoanza kuengua! Malai tuliyokuwa tukiyatoa kwenye chai yake asubuhi alikuwa akiyala jioni kwenye mtori na wali, yakiwa yamekolezwa maradufu, na mwisho wa juma juu yake kulikuwa na nyama choma. Binti wa kidato cha pili aliyaweka hayo kwenye daftari lile lile, na baba yake aliyasoma mara mbili.

Maamuzi ya kikao hayakuwa mengi. Jagi likabaki moja, la maziwa kamili, kwa wote. Bibi anakunywa kikombe kimoja asubuhi kwenye chai na bakuli la maziwa mgando jioni, meupe, bila kitu juu yake. Vijidudu vinavyogandisha maziwa hula sehemu ya laktosi na kuigeuza asidi, ndiyo maana yanachachuka, na kidole cha Bibi kinayapokea vizuri. Mume wangu ana kikombe kimoja cha chai, na maziwa yake ya kugandisha yanaenguliwa. Samli imehamishiwa kwenye kopo dogo lenye kijiko chake, na mtori wa Jumapili unapewa kijiko kimoja kwa sufuria nzima. Yeye na mdogo wake wanatembea jioni. Maziwa mazito ya kopo, ambayo wifi mwingine alikuwa akiyapendekeza kwa chai ya wageni, yamekataliwa mlangoni. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari.

Mtaalamu wa lishe wa Bibi, alipoelezwa mpango huo, alibadilisha kitu kimoja tu: alisema mwenye lehemu akipimwa tena na bado iko juu, arudi kwenye maziwa yaliyopunguzwa mafuta bila ubishi, mradi yawe meupe na asirudishe njaa yake kwa mkate. Nakubaliana naye kabisa. Kipimo cha Bibi cha sukari ya miezi mitatu kimeshuka hadi 7.3. Mstari wa mtoto unapanda. Cha mume wangu bado tunakingoja.

Juzi wifi wa Dar es Salaam alipiga simu. Anakuja kwa ajili ya Krismasi na alikuwa amesimama mbele ya friji ya duka, akitaka kujua anunue nini. Nikampa Bibi simu.

"Usinisomee mbele," Bibi alimwambia. "Geuza. Mafuta niachie mimi, nisomee sukari ni gramu ngapi."

Wifi akageuza kikopo, akaanza kusoma.